Sumaku Inayotembea

Mwalimu Runji alikuwa akifundisha fizikia katika shule ya upili nje kidogo ya mji wa Embu, na kila Jumamosi alikuwa akienda chuo kikuu kilichoko Nchiru, upande wa Meru, kusomea shahada ya uzamili. Walimu wenzake walimtania kwamba mtu mwenye binti aliye sekondari hana haja ya kurudi darasani kukaa na vijana wa kupanga vyumba vya hosteli. Yeye alicheka nao, akaendelea kwenda.

Alichokuwa akitafuta huko hakikuwa rahisi kueleza kwenye chumba cha walimu. Tasnifu yake ilihusu umeme na sumaku ndani ya vitu: ndani ya kioo, ndani ya plastiki, ndani ya kipande cha chuma. Mahali patupu, milinganyo ya umeme na sumaku ni mifupi na safi. Lakini uga wa umeme, yaani eneo linalofikiwa na nguvu zake, ukiingia ndani ya kitu, kitu hicho hakikai kimya. Chembe zake husogea kidogo, hujipanga, hujibu, na jibu lao lazima lihesabiwe pamoja na uga ulioingia. Na kama kitu chenyewe kiko safarini kwa kasi kubwa, anayekitazama akiwa amesimama kando hataona jibu lile lile analoliona anayesafiri nacho. Runji aliwahi kuuliza jambo hilo akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, akaambiwa haliji kwenye mtihani. Alioa, akajenga, akapanda kahawa, na swali bado lilikuwa naye.

Mkewe, Jedidah, alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini Embu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito na tulivu, na kanisani kwao ndiye aliyepewa kusoma somo la kwanza mara nyingi kuliko wengine. Hakujua mumewe anasomea nini hasa. Alijua tu kwamba Jumamosi si zake tena, na kwamba akimuuliza, angejibiwa kwa ufupi, "Ni mambo ya umeme."

Kisha chai ikaanza kumwagika.

Mwanzoni Runji alimimina kando ya kikombe akalaumu meza. Halafu darasani akaipiga teke ndoo ya maji iliyokuwa karibu na mlango, wanafunzi wakacheka, naye akacheka nao. Barabarani watu walimsalimia kutoka upande akawapita, na habari ikamfikia Jedidah kwamba mwalimu siku hizi anaringa. Jedidah alimtazama Jumapili moja akitafuta kitabu cha nyimbo kilichokuwa kando ya goti lake, akipapasa benchi kama mtu aliye gizani ilhali jua lilikuwa limejaa kanisa zima. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akampeleka hospitalini.

Daktari alikuwa msichana mpole. Alisema ni presha ya macho, na kwamba ugonjwa huo huiba kutoka pembeni, polepole, bila maumivu, ndiyo maana mwenye macho huwa wa mwisho kujua. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki na tundu dogo katikati.

"Dawa ya matone itachelewesha," alisema. "Kilichokwenda hakirudi, mwalimu. Pole sana."

Runji alimshukuru. Nje, kwenye ngazi, alishika mkono wa Jedidah, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu mjini Embu, naye Jedidah akatembea polepole kana kwamba ni yeye aliyechoka.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa busara. Alimwambia Runji asiwe na wasiwasi na kazi, darasani atatafutiwa njia. Lakini Nchiru Runji aliacha kwenda. Alimpigia simu msimamizi wake, Daktari Lorna Gatakaa, akamwambia amefika mwisho. Karatasi zake zote akaziweka ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga, akausukuma chini ya kitanda. Jioni alikaa barazani akielekeza uso kwenye kahawa, na Jedidah akimletea uji wa wimbi aliupokea kwa mikono miwili, akanywa, akarudisha kikombe.

Jedidah alivumilia hali hiyo kwa wiki kadhaa. Kisha Jumapili moja baada ya kanisa, wakiwa wamekula ndengu na chapati, aliuvuta mfuko kutoka chini ya kitanda, akaja nao barazani, akavaa miwani.

"Nikusomee," alisema.

"Usome nini?"

"Hizi zako. Macho yangu si yapo? Sema nianzie wapi."

"Mama Kaari, hiyo si Biblia. Huwezi."

"Nimesoma orodha za vizazi vya Waisraeli mbele ya askofu. Sema nianzie wapi."

Akaanzia mwanzo. Maneno ya Kiingereza aliyasoma vizuri, kwa sauti yake ya kanisani. Kisha akafika kwenye mlinganyo wa kwanza, akasogeza karatasi karibu na miwani.

"Hii d imepinda mgongo inaitwaje?"

"Hiyo ni ya kupima mabadiliko. Iite d ya kuinama."

"D ya kuinama. Halafu chini yake kuna... kuna yu yenye mkia."

"Mu. Ni herufi ya Kigiriki."

"Na hii kama vi iliyolewa?"

Runji alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomtoka kabla hajakizuia, lakini Jedidah alikisikia. "Nu," alisema Runji. "Hiyo ni nu."

"Basi tuendelee na mlevi."

Wakaendelea. Baada ya Jumapili chache walikuwa na lugha yao wenyewe, ya d ya kuinama na yu yenye mkia na mlevi, na jirani aliyepita njiani alisimama kwenye ua akidhani wanasali kwa lugha ngeni.

Tatizo lilikuwa urefu. Runji alikuwa ameiandika tasnifu kwa njia ndefu, uga wa umeme peke yake, uga wa sumaku peke yake, kila mmoja na sehemu zake tatu, na juu ya hizo nyuga mbili nyingine zinazohesabu jibu la kitu. Mtu mwenye macho huutazama ukurasa kama huo wote kwa pamoja. Runji sasa alipaswa kuushika kwa masikio. Jedidah alipofika mwisho wa mstari wa saba, mstari wa pili ulikuwa umeshamtoka Runji kichwani.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

"Rudia tena."

Akarudia tena. Mara ya nne alipoinua macho kutoka kwenye karatasi, aliona mashavu ya mumewe yamelowa. Hakuwahi kumwona akilia, hata walipomzika mama yake. Aliiweka karatasi chini, akavuta kiti chake hadi magoti yao yakagusana. Walikaa hivyo mpaka kuku walipoanza kuingia bandani.

Siku iliyofuata Jedidah alimpigia Daktari Gatakaa mwenyewe, saa ya chakula cha mchana, akiwa amesimama nyuma ya ofisi. Alieleza kwa adabu, kwa Kiswahili cha ofisini, kwamba mwalimu bado anataka, ila kurasa ni ndefu mno kwa masikio.

"Mama," alisema Daktari Gatakaa, "nitakuja."

Na Jumamosi hiyo akaja kweli, kutoka Nchiru hadi Embu, mwanamke mfupi aliyevaa raba, na ndizi mbivu kutoka kwao amezibeba kwenye kikapu. "Muga, mwalimu," alisalimu kwa Kimeru kabla hajafika barazani, na Runji akasimama kwa haraka akagonga meza.

"Kaa, kaa. Nimekuja kukugombeza. Kile kiambatisho chako cha nyuma kinasemaje?"

"Kiambatisho?" Runji alifikiri. "Ni milinganyo ile ile, kwa mtindo wa wakati na nafasi pamoja. Niliiweka tu kwa ajili ya ukamilifu."

"Isome."

Hakuhitaji kusomewa. Aliisema kwa kichwa. Katika mtindo ule, umeme na sumaku haviandikwi mbali mbali. Vinakaa pamoja katika jedwali moja dogo la namba, nne kwa nne, lenye jina la herufi moja. Nyuga zenye jibu la kitu zinakaa katika jedwali la pili. Kurasa nzima za milinganyo zinageuka kuwa mistari miwili, na mistari miwili mingine inayosema kitu chenyewe ni cha aina gani na kinaenda kwa kasi gani. Basi.

"Umeisema yote hujashika karatasi," alisema Daktari Gatakaa. "Kwa nini unaibeba ile ndefu?"

Runji alisema taratibu, "Niliogopa wasomaji wataiona ngumu."

"Wasomaji watajijua. Weka kiambatisho mbele. Yaliyobaki tupa." Akamgeukia Jedidah. "Mama, hizi ndizi ni za jikoni au nimenye hapa hapa?"

Walikula ndizi. Daktari Gatakaa alipoondoka, Runji alikuwa akitembea huku na huku barazani, mkono mmoja ukigusa ukuta, midomo ikisogea.

Jumapili iliyofuata Jedidah hakufungua mfuko.

"Kabla sijasoma nieleze kwanza," alisema. "Nasoma nini? Nimechoka kuwa kama kasuku."

Runji aliingia ndani akapapasa kwenye sanduku la vitu vya shule, akatoka na sumaku ya mviringo iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Akamwekea mkononi.

"Shika. Sasa tembea nayo, pita mbele yangu polepole."

Jedidah alipita.

"Wewe unayetembea nayo, sumaku hiyo imetulia mkononi mwako. Ukipima, utapata sumaku tu. Hakuna umeme. Lakini mimi niliyekaa hapa naiona inapita. Nikiwa na chombo kizuri cha kupima, nitapata sumaku, na umeme kidogo pia. Ndani ya sumaku ile ile."

Jedidah alisimama. "Nani anakosea?"

"Hakuna anayekosea."

"Si mmoja amepata umeme na mwingine hajapata?"

"Ndiyo. Na wote wawili wamepima vizuri. Umeme na sumaku si vitu viwili, Mama Kaari. Ni kitu kimoja, na mwendo wako ndio unaoamua utakiona kimegawanyikaje. Kazi yangu ni kuandika sheria ambazo mimi na wewe tunaweza kuzitumia bila kuzibadilisha hata herufi moja, kisha kila mtu apate chake."

Jedidah alirudi akaketi, sumaku ikiwa bado kiganjani. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo ni hii uliyokuwa ukiifuata Nchiru."

"Hiyo."

"Jumamosi zote hizo."

"Ulidhani ni nini?"

Jedidah alisugua ukingo wa sumaku kwa kidole gumba. "Nilidhani kuna mtu," alisema.

Runji aligeuza uso wote kumtafuta katika lile tundu dogo la kuonea lililobaki, akalipata sikio lake, kisha jicho.

"Mtu?"

"Ulikuwa unarudi umefurahi. Na huniambii kitu. Ningefikiria nini? Muthoni wa ofisini alisema wanaume wa umri wako hawasomi bure."

"Na ulikaa na hilo muda wote?"

"Nilikaa nalo."

Runji alinyoosha mkono, akaupata mkono wake pamoja na sumaku, akavishika vyote viwili. "Sikukueleza kwa sababu nilidhani utachoka," alisema. "Nisamehe."

"Ungejaribu tu," alisema Jedidah. "Ningechoka, lakini ningejua."

Kuanzia hapo usomaji ulibadilika. Jedidah aliuliza, naye Runji alieleza, na akishindwa kueleza vizuri alijua mahali hapo hata yeye hajapaelewa. Sura ya kwanza hadi ya tatu walizifupisha pamoja, yeye akitamka, Jedidah akichapa kwenye kompyuta ndogo waliyoletewa na kaka yake Runji, Elphas. Binti yao Kaari aliporudi kwa likizo alimkuta mama yake akimsahihisha baba, "Umesema mlevi juu, awali ulisema chini," akabaki mlangoni na sanduku lake, hajui aingie au arudi shuleni.

Wakafika sura ya nne.

Hii ndiyo Runji aliyoipenda. Ilikuwa na mfano mmoja: bamba jembamba la sumaku linalopita kwa kasi, na hesabu ya chaji ya umeme inayojitokeza kwenye nyuso zake. Jibu lilikuwa limetoka zuri ajabu, fupi, la kuandikwa kwenye kiganja. Alikuwa ameliwasilisha kwenye semina Nchiru, wakati macho yameanza kumdanganya naye hajajua, na watu walipiga makofi. Katika kuta zote za maisha yake hilo lilikuwa tofali alilokuwa na hakika nalo.

Jedidah alisoma. Katika mfano huo Runji alikuwa amerudi kwenye mtindo wa kawaida ili mambo yaonekane wazi.

"D sawasawa na epsiloni mara E," alisoma Jedidah. "Nukta."

"Halafu?"

"Nukta. Mstari unaofuata unaanza na neno 'kwa hivyo'."

"Kabla ya nukta. Hakuna vi?"

"Vi gani?"

"Vi ya kasi. Kasi ya bamba."

"Iko juu, mwanzo wa ukurasa. Hapa haipo."

"Umeiruka."

"Sijaruka kitu."

"Umeiruka, Jedidah. Soma vizuri!"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake hivyo, kama anamwita mwanafunzi. Jedidah aliusoma mstari huo tena, neno kwa neno, sauti yake haikupanda. Kisha akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi, akashuka ngazi za baraza akaingia kwenye kahawa.

Runji alibaki peke yake na mstari ule. Ulikuwa mfupi, na sasa kwa kuwa ulikuwa umeingia kwa sikio hakuweza kuupita kwa haraka. D sawasawa na epsiloni mara E. Hiyo ni kweli kwa bamba lililotulia. Bamba lake lilikuwa likikimbia. Mwanzo wa ukurasa alikuwa amesema linakimbia, akazigeuza nyuga zote inavyopasa, kisha alipofika kwenye jibu la bamba lenyewe akaandika kana kwamba limekaa mezani. Jibu zuri, fupi, la makofi, lilikuwa zuri kwa sababu nusu ya ukweli haikuwemo.

Alisimama. Alishuka ngazi kwa kupapasa kwa mguu, akafuata mstari wa kahawa akiyagusa matawi kwa mikono. "Mama Kaari," aliita. Akaenda tena kidogo. "Mama Kaari, hukuruka. Mimi ndiye niliyeruka."

Alisikia matawi yakikatika. Jedidah alikuwa akiondoa machipukizi yasiyotakiwa kwenye mashina, kazi ambayo haikuwa na haraka yoyote siku ya Jumapili.

"Najua sikuruka," alisema.

"Nimekosea. Nimekukosea wewe, na hesabu pia nimekosea."

"Ya hesabu utaimaliza mwenyewe." Kipande kingine kikakatika. "Hii nyingine usirudie. Mimi si macho yako, Baba Kaari. Mimi ni mkeo ninayekusomea."

"Nimesikia."

"Umesikia kweli?"

"Nimesikia kweli."

Basi akampa mkono, wakarudi wakifuatana kati ya mistari, yeye mbele, Runji nyuma na kiganja begani mwake.

Alipompigia Daktari Gatakaa kumweleza, Runji alisikia karatasi zikifunuliwa upande wa Nchiru.

"Wee," alisema msimamizi wake hatimaye. "Ni kweli. Na mimi nilipita hapo nikaweka sahihi. Nina macho mawili mazima, mwalimu."

"Sasa nifanye nini?"

"Sema wewe. Muda wa kurekebisha upo, lakini sura yote itaanza upya. Au tuondoe mfano huo, tuwasilishe yaliyobaki. Yaliyobaki yanatosha."

Runji alijua alichokuwa akiambiwa. Tundu la jicho la kulia lilikuwa likizidi kufungika, na asubuhi nyingine alikuwa akiuona uso wa Jedidah kama kitu kilicho nyuma ya kitambaa. Kuondoa mfano kungemfikisha Nchiru kutetea tasnifu akiwa bado anaona mlango wa chumba.

"Nitaanza upya," alisema.

Safari hii hakurudi kwenye njia ndefu. Katika ule mtindo mfupi, kasi ya kitu ni herufi inayokaa ndani ya mlinganyo wenyewe. Ukiisahau, mlinganyo unabaki kilema na sikio linajua. Alifanya hesabu akitembea kwenye mistari ya kahawa, akifanya hatua moja na kuihifadhi, kisha inayofuata. Alifanya akiwa amekaa nyuma ya darasa, huku mwalimu kijana aliyetumwa kumsaidia akiandika ubaoni. Alifanya wakati wa mahubiri, na Jedidah alimfinya. Jioni alitamka alichopata, Jedidah akachapa, akamsomea, naye akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mara mbili alitupa kazi ya juma zima. Jibu jipya lilipotoka halikuwa la kuandikwa kiganjani. Lilikuwa refu, na chaji yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza.

"Ni zuri?" aliuliza Jedidah.

"Si zuri sana," alisema Runji. "Lakini ni lenyewe."

Siku ya utetezi walikwenda Nchiru pamoja. Runji hakuuona mlango. Jedidah alikuwa amevaa vizuri, na alikuwa na hofu kuliko yeye, kwa sababu Daktari Gatakaa alikuwa amepata kibali kwamba mke wa mtahiniwa ndiye atakayeandika ubaoni anachotamka. Ndani walikuwemo wahadhiri wachache, wanafunzi kadhaa, na mtahini wa nje, Profesa Kathuri, mzee mwembamba aliyekuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kila swali.

Runji alisimama kando ya meza, mkono mmoja juu yake, akaanza. Alieleza uga na jibu la kitu. Alieleza majedwali mawili. Alipofika kwenye milinganyo alitamka kwa majina ya kweli, mu na nu, na Jedidah akaandika kwa chaki, polepole, kwa ule mwandiko wake wa kikarani. Mahali pamoja alisita. Runji akasikia chaki imesimama, na bila kufikiri akasema, "Mlevi, juu." Chaki ikaendelea. Mtu fulani nyuma akacheka kidogo, na Profesa Kathuri akakohoa.

Alieleza pia kosa. Hakulazimika, lakini alisema kwamba aliwahi kutoa jibu jingine katika chumba hiki hiki, akapigiwa makofi, na kwamba lilikuwa na kosa, na kosa lenyewe lilikuwa wapi. Mhadhiri mmoja aliyekuwepo siku ile ya semina alisogeza kiti.

Maswali yalikuja, akayajibu. Kisha Profesa Kathuri akakohoa tena.

"Mwalimu, mwanga unapoingia ndani ya kioo, kani yake ya kusukuma inaongezeka au inapungua?"

Runji alijua swali hilo. Wanafizikia walikuwa wamelibishania kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila upande ulikuwa na hesabu zake.

"Yapo majibu mawili, Profesa, na kila moja lina vipimo vinavyoliunga mkono, kulingana na unahesabu nini kuwa ni cha mwanga na nini ni cha kioo. Kazi yangu imepita mahali ambapo sihitaji kuchagua. Ukiniuliza mimi mwenyewe ninaamini lipi, sijui bado."

"Hujui?"

"Sijui."

Profesa Kathuri aliandika kitu. "Na mimi sijui," alisema. "Nimekuwa nikiwauliza watu swali hili kwa miaka mingi. Wengi hunijibu."

Waliambiwa wasubiri nje. Walikaa kwenye benchi la saruji karibu na vibanda vya wanafunzi, mahali paliponukia chapati zinazopikwa, na Jedidah akapangusa chaki vidoleni kwa leso. Daktari Gatakaa alipotoka alikuwa akitembea haraka, na Jedidah alisimama kabla hajaitwa.

"Amepita," alisema Daktari Gatakaa. "Kuna marekebisho madogo madogo ya uchapaji, mama, hayo ni yako na yeye. Amepita."

Jedidah alikaa tena. Runji ndiye aliyesimama, akanyoosha mkono kumtafuta msimamizi wake ili amshukuru, na Daktari Gatakaa akaupokea mkono kwa mikono yake yote miwili.

Wakirudi nyumbani, walipofika Makutano mvua ilikuwa imeanza, malori yakirusha maji barabarani, nao wakaingia kwenye hoteli ndogo kungoja ipungue. Waliagiza chai na mukimo wa viazi na mahindi. Jedidah alimwelekeza kidole kwenye sikio la kikombe.

"Niambie ubao ulionekanaje," alisema Runji.

"Ubao?"

"Milinganyo. Sijaiona ikiwa imeandikwa yote pamoja. Ile mipya."

Jedidah alifikiri. "Ilianza vizuri upande wa kushoto. Halafu mistari ikaanza kupanda, unajua mimi bila karatasi yenye mistari mwandiko wangu unapanda. Ile ya mwisho ilifika juu kabisa, nikakosa nafasi, herufi mbili nikazibana kwenye pembe."

"Herufi zipi?"

"Yu yenye mkia, na yule mwingine."

"Ziliweza kusomeka?"

"Zilisomeka. Yule mzee wako mwenye kikohozi aliinuka wakati tunatoka, akapiga picha kwa simu."

Runji alitabasamu. Muziki ulikuwa ukicheza jikoni, na mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu hivi kwamba ilibidi ainame mbele ili asikike.

"Na wewe umevaa nini leo?"

"Ile suti ya kijani ya harusi ya jirani yetu Kananu. Umesahau? Ulisema ni ya kiaskari."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema."

Alinyoosha mkono juu ya meza, taratibu, akavipita vikombe bila kuviangusha, akaigusa kola ya suti, kisha shavu lake lililokuwa bado na unga wa chaki. Watu wa meza ya jirani waligeuka kutazama. Jedidah aliwaona, akawaacha watazame.